AC ya gari haitoi baridi? Pitia hapa kabla ya kununua gesi

"Fundi, kujaza gesi ya AC ni shilingi ngapi?"

Simu ya namna hiyo huingia saa saba, saa nane mchana. Nikisikia honi za malori nyuma yake najua mtu yuko Ruaha Mbuyuni, bondeni kwenye joto. Ameondoka Mbeya alfajiri na sweta, ameshuka Kitonga, sweta limevuliwa, vioo vimefungwa, AC imebonyezwa kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na kinachotoka ni upepo wa moto. Wengine hupiga wakiwa Kyela, wengine Chimala. Swali ni lile lile, na karibu wote wameshajipa jibu: gesi imeisha.

Nimechoka kulijibu kwa simu, ndiyo maana naandika.

Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka humo humo kwenye mabomba, na mfumo uliofungwa vizuri unakaa nayo miaka. Ikipungua, imetoka mahali. Kuongeza bila kutafuta ilikotokea ni kununua ubaridi wa wiki mbili. Halafu magari mengi yanayoletwa kwangu "kujazwa gesi" yana gesi yake kamili, tatizo liko kwenye fyuzi, feni, chujio au swichi ya hita.

Huku kwetu juu AC inaugua kimya kimya. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Njombe ni juu zaidi; kuanzia Mei mpaka Agosti nani anabonyeza AC? Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inakaa haizunguki, mafuta yanayolowesha mipira yake yanashuka chini, mpira wa shingo ya shafti unakauka, gesi inapenya pole pole. Unakuja kugundua siku umeshuka bondeni.

Andaa hivi kwanza

Kipimajoto chenye ncha ya kuchomeka, hata kile cha kupimia nyama jikoni kinafaa. Tochi. Bisibisi ya nyota na spana namba 10. Mita ya umeme, ya bei nafuu inatosha. Fyuzi za akiba zenye ampea sawa na zilizomo garini. Chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni ya kuoshea vyombo. Brashi laini, mpira wa maji, glavu na miwani ya kukinga macho. Geji za AC, zile za kupimia presha ya gesi, si lazima uwe nazo. Hatua sita za mwanzo hazizihitaji.

Fungua boneti utafute stika ya AC, mara nyingi iko kwenye boneti lenyewe au karibu na rejeta. Inaandika aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Piga picha. Gari nyingi za Japani zinazotembea huku zinatumia R134a, lakini baadhi ya gari za miaka ya karibuni, hasa za Ulaya, zinatumia R1234yf, na hizo mbili hazichanganywi.

Paki mahali pa wazi na tambarare, si ndani ya banda lililofungwa. Injini itanguruma muda mrefu, na moshi wake unaua bila kubisha hodi.

Tahadhari, soma zote

Feni ya mbele inaweza kuwaka yenyewe hata mikono yako ikiwa imepumzika. Kanga, tai, lemba, mikono mirefu ya shati: funga au vua.

Usilegeze nati yoyote ya bomba la AC "kuangalia kama kuna gesi". Gesi ikitoka ikiwa maji inagandisha ngozi papo hapo, na ikiingia jichoni hakuna mchezo. Usivute sigara wala kuwasha tochi ya kuchomelea karibu na gesi inayovuja. R134a ikipita kwenye moto inageuka sumu.

Gari la haibridi lina kompresa ya umeme mkubwa. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, usizipime, usizichomoe. Kwa gari hilo ishia hatua ya tatu, na ile ya kusafisha kondensa iliyo mbele ya rejeta (hiyo ifanye gari likiwa limezimwa kabisa), kisha mpelekee fundi anayelijua.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Chagua mchana. Asubuhi ya Julai huku hakuna unachopima: nyuzi zikikaribia sifuri, kama kule Kitulo na Makete, gari nyingi zinakataa zenyewe kuwasha kompresa, na huo si ubovu.

Washa injini. AC iwe kwenye baridi ya mwisho, feni ya ndani usawa wa kati, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kiwe kimewashwa, vioo vimefungwa. Mtu akanyage mafuta kidogo, mshale wa mizunguko ukae kama 1,500. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati, subiri dakika kumi, andika namba.

Nje ikiwa nyuzi 20, hewa inayotoka ikasoma kati ya 4 na 9, AC yako ni nzima na hukuhitaji kunipigia. Kyela kwenye nyuzi 33, usishangae kuona 10 mpaka 14. Namba ikikaribiana na joto la nje, endelea na hatua ya pili.

Kosa la kawaida hapa ni kutia mkono tu na kusema "inapuliza baridi". Mbeya hewa ya nje yenyewe ni baridi! Nimewahi kuthibitishiwa na mwenye gari kwamba AC yake iko vizuri kabisa, kumbe kompresa haikuwa hata na mkanda.

Hatua ya 2: Upepo unatoka wa kutosha?

Ongeza feni ya ndani mpaka mwisho. Kama kelele ni kubwa na upepo ni mdogo, acha yote, tafuta chujio la AC. Gari nyingi za Japani linakaa nyuma ya kabati la dashibodi upande wa abiria. Toa vitu vyote kabatini, bana mbavu zake mbili kwa ndani lishuke, utaona mfuniko mwembamba wa plastiki. Chujio linavutwa kama droo. Angalia mshale wa upepo kabla hujalitoa, maana kulirudisha kichwa chini ni rahisi mno.

Mama mmoja wa Igurusi aliniletea Noah iliyokwisha kujazwa gesi mara mbili ndani ya mwaka, kwingine. Anabeba mpunga. Nilipovuta chujio halikuja. Nikavuta kwa nguvu likaja nusu, likifuatwa na pumba, vipande vya gunia na maganda ya mahindi yaliyotafunwa laini kama pamba. Panya alikuwa amejenga. Watoto wake watatu, wekundu, hawajafungua macho, walikuwa wamelala juu ya pangaboi la feni. Tulisafisha, tukaweka chujio jipya, namba ikashuka kutoka 19 mpaka 7. Geji hata sikuzitoa kwenye boksi.

Chujio la karatasi lisioshwe. Kung'uta vumbi kunasaidia kwa siku chache za kununulia jipya, basi. Na usiendeshe bila chujio. Vumbi litaganda kwenye koili ya baridi ndani ya dashibodi, na kuitoa hiyo ni kubomoa dashibodi nzima.

Kama feni ya ndani inafanya kazi namba nne tu, ile kasi ya mwisho, ule ni ubovu wa rezista ya feni. Ni ya bei ndogo, haihusiani na gesi.

Hatua ya 3: Je, hita imefungwa kweli?

Hatua hii mafundi wa pwani huwa wanairuka, kwa sababu kwao hakuna anayewasha hita. Sisi tunaishi nayo nusu mwaka. Ndani ya dashibodi kuna kimlango kinachochagua hewa ipite kwenye koili ya baridi au kwenye koili ya hita. Kikikaa upande wa moto miezi mitano kinaweza kukwama, au waya wake ukachomoka, au kimota chake kikafa. Unageuza swichi kuelekea bluu, kimlango hakisogei.

Kipimo chake ni cha mikono. Injini ikiwa inanguruma na AC imewashwa, tafuta mabomba mawili ya alumini yanayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Moja nene, moja jembamba. Shika lile nene kwa uangalifu, mbali na mkanda na feni. Likiwa baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, linatoa jasho, na huku ndani ya gari upepo ni wa moto, basi AC inafanya kazi yake na hita inaiharibia. Shida ni kimlango.

Gari za zamani zina koki ya maji ya hita chini ya boneti inayovutwa kwa waya. Mwambie mtu ageuze swichi huku wewe ukiitazama. Isiposogea, umepata.

Bomba nene likiwa la uvuguvugu tu, endelea.

Hatua ya 4: Kompresa inashika?

Kompresa iko mbele ya injini, inazungushwa na mkanda. Uso wake una sahani ya chuma. AC ikizimwa, puli inazunguka na sahani imetulia. AC ikiwashwa unasikia *tak!* na sahani inazunguka pamoja na puli. Simama pembeni, mulika tochi, mwambie mwenzako abonyeze kitufe.

Isiposhika, fuata mpangilio huu:

Kwanza mkanda. Upo? Umekaza?

Pili fyuzi ya AC. Mfuniko wa kisanduku cha fyuzi una mchoro. Iliyokatika weka nyingine ya ampea ile ile. Ikikatika tena usiweke kubwa zaidi, wala usifunge waya. Sumaku ya kompresa, ile inayoishikisha sahani, au waya wake umegusana mahali, na fyuzi inakuokoa na moto.

Tatu rilei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Mara nyingi kuna nyingine inayofanana nayo kabisa kwenye kisanduku hicho hicho, kwa mfano ya honi. Hakikisha namba zilizoandikwa zinalingana, zibadilishane nafasi. Kompresa ikishika na honi ikanyamaza, kanunue rilei.

Nne, umeme kwenye waya wa kompresa. Chomoa plagi yake injini ikiwa imezimwa, kisha washa na upime, AC ikiwa imebonyezwa. Volti 12 na zaidi zikifika na kompresa haishiki, sumaku imeungua au pengo kati ya sahani na puli limepanuka kwa kuchakaa. Pengo linalofaa ni la unene wa kadi ya benki hivi au pungufu, wala si la kupitisha kidole cha mtoto. Zikikosekana volti, swichi ya presha huenda imekataa kwa sababu gesi imepungua mno. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza gesi inaingia kwenye mazungumzo.

Kuna mafundi wanaunganisha waya moja kwa moja ili kompresa ishike kwa lazima. Kukagua kwa sekunde mbili tatu, sawa. Kuliacha gari liondoke hivyo ni kuliua. Mafuta ya kompresa yanasafiri na gesi. Gesi ikikosekana kompresa inajitafuna kavu na unga wa chuma unasambaa mfumo mzima, mpaka kwenye kondensa. Gharama yake si ya gesi tena.

Angalizo: gari kadhaa za kisasa zina kompresa isiyo na klachi, yaani haishiki na kuachia. Sahani yake inazunguka muda wote na hutasikia *tak*. Usiihukumu kwa hatua hii.

Hatua ya 5: Kondensa na feni ya mbele

Kondensa ni ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta. Kazi yake ni kutupa nje joto lililotolewa ndani ya gari. Ikizibwa, joto halina pa kwenda.

AC ikiwashwa, feni ya mbele inatakiwa kuzunguka mara moja au muda mfupi baadaye. Kama gari linatoa baridi likikimbia Makambako kwenda Mafinga, halafu linageuka moto kwenye foleni ya Mwanjelwa au nyuma ya lori Kitonga, mshukiwa wa kwanza ni feni hiyo. Mwendo ulikuwa unaleta upepo wa bure.

Kisha mulika tochi kwenye mapezi ya kondensa. Wanaotembea Chunya na Mbarali watakuta tope limekauka humo, wadudu, na mabua. Zima gari, subiri lipoe, osha kwa mpira wa maji wenye presha ya kawaida ukitokea upande wa injini kwenda mbele kama unafikika. Brashi laini ipite kufuata mapezi. Usilipeleke kwa vijana wa kuosha magari wakaisogezea bunduki ya presha: mapezi yanalala kama nyasi zilizokanyagwa na hayainuki.

Hatua ya 6: Tafuta inakovuja

Gesi inapotoka inabeba mafuta kidogo, na mafuta yanashika vumbi. Kwa hiyo tafuta doa jeusi lenye unyevu: kwenye maungio ya mabomba, kwenye kona za kondensa, chini ya shingo ya kompresa, kwenye vifuniko vya vali za kujazia. Pulizia maji ya sabuni, tulia dakika mbili na tochi. Kiputo kinachokua taratibu, kama mate ya mtoto aliyelala, ndicho unachotafuta. Vali za kujazia zisizo na vifuniko ni wavujaji wakubwa, na dawa yake ni kifuniko chenye mpira mzima ndani.

Maji matupu yanayodondoka chini ya gari upande wa abiria si uvujaji. Huo ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwenye koili ya baridi, na ni dalili njema. Yakimwagikia ndani na kulowesha kapeti, mrija wa kutolea maji umeziba.

Uvujaji mdogo ndani ya dashibodi hauonekani kwa sabuni. Fundi atajaza naitrojeni kavu aone kama presha inashuka. Nimesema naitrojeni. Karakana zetu nyingi zina mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, na kishawishi kipo. Oksijeni ikikutana na mafuta ndani ya kompresa inalipuka. Ukimwona fundi anaburuza mtungi huo kuelekea AC yako, chukua ufunguo wako uondoke.

Hatua ya 7: Geji, kwa wenye nazo

Gari likiwa limezimwa na limepoa, joto la nje nyuzi 20, geji zote mbili za mfumo wa R134a zinasoma karibu psi 70. Namba hiyo inakuambia gesi ipo, haikuambii iko kiasi gani. Hata robo ya ujazo inaweza kusoma hivyo hivyo. Ikisoma 20, karibu yote imetoka.

Ukiwasha, injini kwenye mizunguko 1,500 na joto la nje nyuzi 20, upande wa chini (wa presha ndogo) tarajia kama 25 hadi 35, upande wa juu (wa presha kubwa) 120 hadi 170. Kyela namba zote zinapanda, upande wa juu unaweza kufika 250. Ndiyo maana namba ulizoziona kwenye video ya mtu wa Dubai zisikutie wasiwasi ukiwa Uyole. Vijana wengi wanaongeza gesi mpaka geji ifanane na ya video, na gari likishuka bondeni presha inapanda kupita kiasi, kompresa inajizima. Mteja anasema "ulinijazia, haikufika hata Mikumi." Ni kweli. Ilijazwa kupita kiasi.

Pande zote mbili zinasoma chini: gesi ndogo. Zote mbili zinasoma juu: gesi nyingi, au hewa imeingia, au kondensa haipati upepo. Upande wa chini unasoma juu na upande wa juu unasoma chini, kana kwamba zinataka kukutana: kompresa imechoka. Upande wa chini unazama chini ya sifuri: kuna kuziba, mara nyingi kwenye vali ya ekspansheni (kijitundu kinachoshusha presha ya gesi kabla ya koili ya baridi), au unyevu unaoganda hapo.

Hatua ya 8: Kujaza, baada ya kuziba

Hii mwachie fundi, lakini msimamie. Mwambie airudishe gesi iliyobaki kwenye mtungi badala ya kuimwaga hewani kama ana mashine ya kufanyia hivyo. Mfumo ukifunguliwa, kikaushio (kinachonyonya unyevu) kinabadilishwa, na oringi (mipira ya kuzibia maungio) za pale palipofunguliwa pia. Kisha pampu inavuta hewa na unyevu kwa dakika 30 hadi 45, inafungwa, geji inaachwa robo saa au zaidi. Mshale ukirudi juu, bado kuna tundu.

Mshale huo uliwahi kutusumbua. Kijana tuliyempokea karakana alibadilisha mafuta ya pampu mara tatu kwa siku moja kwa sababu geji iligoma kufika inchi 29 za zebaki kama alivyofundishwa Dar es Salaam. Iligoma 24. Pampu ilikuwa nzima. Geji ya namna ile inapima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje, na hewa ya Mbeya ni nyepesi. Mwisho wake hapa ni 24 na kidogo. Njombe utaishia chini ya hapo, Kyela pampu hiyo hiyo ingekupa 28. Kwa hiyo ukiona 24 Mbeya usigombane na fundi. Gombana naye akivuta dakika tano.

Gesi ipimwe kwa mizani, gramu zilezile za kwenye stika. Si kwa kusikiliza, si kwa kushika bomba. Noah na Hiace zenye AC ya nyuma zinabeba gesi nyingi kuliko gari dogo, na stika inajua.

Mambo matatu ya kukataa kabisa. Gesi ya kupikia: inatoa baridi, kweli, na pia itawaka siku bomba litakapopasuka karibu na injini ya moto. Dawa ya kuziba matundu ya ndani: inaziba na vali pia, na inaharibu mashine za fundi atakayefuata. Mafuta yasiyo ya aina yake: mifumo mingi ya R134a hutumia mafuta ya PAG, lakini kompresa za umeme za haibridi hutumia mafuta ya POE yasiyopitisha umeme, na kosa hapo linaweza kuua kompresa yenye bei ya kununulia bodaboda.

Bado haijakaa sawa?

*Inaanza baridi, baada ya nusu saa upepo unapungua na kuwa wa vuguvugu.* Koili ya ndani imeganda barafu. Zima AC, acha feni ya ndani iendelee dakika kumi. Upepo ukirudi, ndiyo hiyo. Angalia chujio tena, kisha sensa ya joto la koili.

*Kompresa inashika na kuachia kila sekunde chache.* Mara nyingi gesi ndogo. Kwa baridi ya Mbeya kushika na kuachia kwa nafasi ndefu ni kawaida, usiparamie.

*Upande wa dereva baridi, wa abiria moto.* Kwenye gari zenye joto la pande mbili ni kimlango. Kwenye nyingine inaweza kuwa gesi pungufu, koili inapoa nusu.

*Harufu ya soksi.* Ukungu kwenye koili. Dakika tatu kabla ya kufika nyumbani zima AC, acha feni ikaushe.

*Mbele baridi, nyuma moto, kwenye Hiace.* Feni ya nyuma, chujio lake, au vali ya sumaku ya nyuma. Abiria wa nyuma watakuambia mapema.

Wenye karavani na AC ya juu ya paa

Wanakuja kiangazi, wametokea Tunduma, wanaelekea Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, na kule bondeni ndiko AC inagoma. Hii ni mashine nyingine kabisa: ya umeme wa nyumbani, imefungwa kiwandani kama friji, mara nyingi haina hata vali ya kuunganishia geji. Hapo usiulize gesi kwanza. Toa chujio la dari uoshe, kausha, rudisha. Panda juu, zima umeme wote, fungua kifuniko, safisha koili ya nje kwa brashi. Majani na viota vya nyigu hupenda humo.

Feni ikizunguka na kompresa inavuma kisha inakata, shuku umeme mdogo au kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka). Waya mrefu mwembamba kutoka kwenye soketi ya kambi unakula volti. Jenereta nalo linachoka na mwinuko: hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo lililokuwa linaiamsha AC vizuri ufukweni huenda lisiweze hapa Mbeya. Kapasita inabaki na umeme hata plagi ikichomolewa. Asiyejua kuitoa chaji asiiguse. Na kama karavani ilitoka Marekani, soma kibati chake kabla ya kuichomeka: kule ni volti 115 na hezi 60, sisi ni 230 na 50.

Msimu wa baridi, mpaka Agosti

Washa AC dakika kumi kila wiki, hata kwa baridi ya Julai. Washa pamoja na hita, hutasikia baridi yoyote. Kioo cha mbele kikijaa ukungu kwenye mvua ya Tukuyu au asubuhi ya Igawilo, usifute kwa kiganja: AC na hita pamoja vinakikausha ndani ya dakika moja, na mpira wa kompresa unapata mafuta yake.

Ukishindwa kabisa, piga simu. Ila uwe na majibu matatu mkononi: kipimajoto kilisoma ngapi na nje kulikuwa ngapi, kompresa inashika au haishiki, na bomba nene ni baridi au vuguvugu. Bei ya gesi tutaizungumza baadaye, kama itahitajika.